Shajara ya mradi: mihadhara ya chuo inashuka mtaani (Iringa, Mei mpaka Julai)

Jumatatu 4 Mei

Huu mradi nimeupata leo kwa sababu nilinyoosha mkono kwenye kikao. Nilikua naomba chupa ya maji, mwenyekiti akasema haya tumempata wa kujitolea, watu wakapiga makofi, basi ikawa imeisha hiyo.

Mradi wenyewe ni hivi, chuo chetu kishiriki kila mwaka kina ratiba ya mihadhara ya umma, sanaa na shughuli za jamii, inaanza Juni inaisha katikati ya Julai, na kila mwaka kwenye ripoti tunaandika "jamii ilishiriki kikamilifu". Nikasema ngoja nilifukue daftari la mahudhurio la mhadhara mkubwa wa mwaka jana nione hiyo jamii. Watu 214. Waliotoka nje ya geti ni watatu. Mmoja dereva aliyemleta mgeni rasmi, wa pili fundi wa spika, wa tatu alikua ameandika namba ya simu nikampigia, akaniambia aliingia kuchaji simu akakaa mpaka mwisho maana ile soketi ilikua inachaji taratibu. Mada ilikua nzuri sana mwalimu, anasema. Ilikua inahusu nini? Hapo hakumbuki.

Kwaiyo lengo nimeandika moja tu kwenye ukurasa wa kwanza: mhadhara wa mwisho watu 100 wa mtaani, wasiolipwa. Kwa posho hao 100 ningewapata kesho asubuhi kabla ya chai.

Jumanne 12 Mei

Kikao cha kwanza cha kamati, tuko watano. Tumekubaliana shughuli nne: uchangiaji damu Jumamosi 13 Juni, siku moja kabla ya Siku ya Wachangia Damu Duniani. Darasa la kusuka vikapu 20 Juni. Siku ya Kiswahili 7 Julai ambayo ni Sabasaba, ofisi zimefungwa watu wako nyumbani. Alafu mhadhara mkubwa, Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na safari ya fuvu lake.

Huu wa Mkwawa wote tulitaka uwe 19 Julai maana ndo tarehe aliyofariki mwaka 1898, ila mwaka huu inaangukia Jumapili na Iringa Jumapili asubuhi ukitaka watu inabidi uwafate kanisani. Tumegawa, Jumamosi 18 saa nane mchana mhadhara, Jumapili baada ya ibada safari ya Kalenga kwenye makumbusho, nauli kila mtu ajitegemee.

Kilichotula muda ni ukumbi. Nilipendekeza mhadhara usifanyike chuoni kabisa, tuombe uwanja wa shule ya msingi ya hapo mtaa wa pili. Mzee wetu wa itifaki akasema mgeni wa heshima hawezi kuongelea kwenye vumbi na kuku wanapita. Akaja Dokta wa historia akatuliza kikao. Akasema jamani, chuo kikuu cha kwanza nchi hii, enzi hizo ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, katikati ya mji, mikokoteni inapita nje mwalimu anafundisha sheria ndani. Wanafunzi hawazidi kumi na tano. "Tulianzia mtaani, 1964 tukapanda Mlimani, na hatujashuka mpaka leo." Kimya. Kura nne kwa moja, uwanja wa shule umepita. Mzee wa itifaki kaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba yeye alionya kuhusu kuku. Imeandikwa.

Alhamisi 21 Mei

Leo nimezunguka na mwenyekiti wa mtaa kutambulisha shughuli. Nimevaa shati la kazini, kosa la kwanza, kila genge tunalofika watu wanadhani ni la ushuru wanaanza kufunika nyanya.

Kosa la pili ndo la kujifunzia. Kila mahali nasema tunawakaribisha kwenye mhadhara wa umma, na kila mahali swali ni moja: wa dini gani? Daah. Yani mimi miaka yote naandika "mhadhara wa umma" sijawahi kuwaza kwamba huku nje ya geti mhadhara ni spika imefungwa uwanjani, mhubiri na vitabu vyake mezani, watu wamezunguka wanasikiliza hoja za dini. Mzee mmoja fundi viatu kaniambia kabisa, mwanangu mimi mihadhara niliacha, wanagombana. Nikasema baba huu hamna kugombana ni wa historia. Akasema historia ya dini gani?

Kongamano nalo nikalijaribu, mama mmoja wa genge pale kona akacheka. Kongamano ni la watu wenye kofia na fulana na wali nyama, kasema, kama fulana zipo niandike. Nikamwambia fulana hamna. Akanifungia nyanya za elfu moja na ushauri wa bure: "Sema tu kuna mazungumzo ya Mkwawa. Mkwawa si tunamjua. Hilo jina lingine la nini?"

Nimerudi ofisini nimefuta neno mhadhara kwenye matangazo yote ya nje. Ndani ya chuo linabaki maana ripoti zinalitaka. Mtaani itaitwa Mazungumzo ya Mkwawa.

Ijumaa 29 Mei

Posta zimetoka, nzuri, rangi imekaa. Zina kosa na ni langu, nimeandika 18 Juni badala ya 18 Julai. Posta 150. Nimekaa na maka pen nyeusi na wanafunzi wawili tunageuza n kuwa la, mpaka saa tatu usiku tumemaliza 90 vidole vyeusi kama tumetoka kupigwa chapa za vidole. Zilizobaki 60 nimezigeuza upande wa nyuma, zitatumika kuelekeza njia ya choo.

Jumamosi 13 Juni

Damu. Hii imeenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Tumefunga turubai nje ya geti, sio ndani, hilo nililipigania maana mtu wa mtaani akifika getini akiulizwa kitambulisho anageuza anarudi zake. Watu wa damu salama walifika saa mbili na vitanda vyao, mwanafunzi wa serikali ya wanafunzi anatangaza kwenye maiki, na mimi nikachukua maiki kuhamasisha: umri 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, mwanaume anachangia kila baada ya miezi mitatu mwanamke miezi minne, njooni ndugu zangu dakika chache tu unaokoa mtu. Nimeongea weee. Alafu nikajipanga mwenyewe kwenye foleni kwa mbwembwe, nikapanda mzani. Kilo 48.

Nesi akanishusha kwa upole kabisa akanipa soda. Maiki ilikua bado iko wazi.

Vijana wawili waligoma kukaa kitako baada ya kutoa, mmoja akayumba akadakwa na dada wa bajaji, alikua hajala toka jana usiku. Kwaiyo mwakani chai na maandazi yanakuja kabla ya sindano. Daftari linasema watu 71 walifika, wa mtaani 26, wengi bodaboda maana kijiwe chao kiko hapo hapo wakawa wanasukumana nani muoga. Ishirini na sita kutoka watatu!

Jumamosi 20 Juni

Darasa la vikapu vya milulu. Walikuja kina mama watano na mafungu ya milulu mgongoni, ile nyasi ya mabondeni kwenye majimaji, wameshaikausha wameshaichambua, nyingine wameitia rangi. Wao ndo walimu, wahadhiri na wanafunzi wamekaa chini kwenye mikeka. Hili wazo sio langu ni la dada mmoja wa kamati na ndo lililofana kuliko yote mpaka sasa.

Ukiangalia kikapu cha Iringa kwa mbali unaona kitu kimoja kimetulia, ukikaa karibu unaona ni ugomvi. Kuna nyuzi zilizosimama, kuna mbili zinazozunguka, moja inapita mbele nyingine nyuma zinapishana kila baada ya msimamo mmoja, na mkono wa kushoto kazi yake ni kushika tu, usilegeze. Mhadhiri mmoja wa hisabati alianza kwa kuhesabu kwa sauti, moja mbili pisha, moja mbili pisha, baada ya nusu saa kikapu chake kimeanza kukunja mdomo kama kinataka kulia. Mama aliyekua anamfundisha akakichukua akakigeuza geuza, akamwambia, "Mwalimu unakaza sana. Milulu haijakukosea." Akafumua mizunguko mitatu yote akamrudishia aanze upya. Na mwalimu akaanza upya, mtu ambaye wanafunzi wanasema hajawahi kurudisha hata nusu maksi.

Tulipanga masaa matatu, tumekaa sita. Kina mama wakaanza kuuliza maswali, chuo kinafundisha nini, mtoto wangu ana divisheni tatu anaweza kuingia, ile ada ni shingapi na mkopo unaombwaje. Nimemuita mtu wa udahili kwa simu akaja na kandambili, kajibu maswali saa nzima amekaa kwenye mkeka. Hilo halikuwepo kwenye ratiba na pengine ndo ilikua ratiba yenyewe.

Manunuzi: vikapu 14 vimenunuliwa papo hapo, hela imeenda mkononi mwa kina mama wenyewe bila kupita kwenye akaunti ya mtu. Mhasibu kaniuliza risiti iko wapi. Naandika barua.

Jumamosi 27 Juni

Jaribio la sauti. Kwenye Siku ya Kiswahili tuna mzee anayepiga ligombo, wasiolijua ni zeze la mbao la Wahehe, ubao umechongwa ndani uwazi kama kihori, waya unapita unarudi juu yake, na kibuyu cha kukuza sauti. Waliobaki wanaolipiga sio wengi. Sauti yake ni ndogo, kama mtu anaongea na mwenzie jikoni usiku watoto wasiamke.

Fundi spika kaja na spika nne kubwa za harusi. Akamuwekea mzee maiki karibu na kibuyu, akapandisha, ikapiga yowe uwanja mzima, mbwa wakajibu. Akashusha, hamna kitu. Akaweka maiki ya pili juu ya nyuzi, sa tunasikia kucha za mzee na pumzi yake ila ligombo lenyewe limepotelea katikati. Saa moja na nusu. Mzee kimya tu amejifunika shuka lake maana baridi ya Juni hapa sio mchezo, tuko mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari na jioni upepo unakata. Mwisho akauliza kwa upole, hao watu watakua wangapi? Nikasema tunatarajia mia na kitu. Akasema "Basi wakae karibu."

Kwaiyo plani imebadilika, spika ni za MC na ngonjera, ligombo linapigwa bila spika, watu wanasogea na viti. Fundi kanuna, kasema anajisikia kama ameitwa kwenye harusi akaambiwa asile.

Mzee aliuliza pia kama kutakua na ulanzi. Nikamkumbusha huu sio msimu, ulanzi ni masika. Akasema anajua, alikua ananipima kama mimi ni wa hapa.

Alhamisi 2 Julai

Siku mbaya. Ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, imetoka na inaenda mpaka wiki ya tarehe 18. Wanafunzi 40 waliojitolea wamebaki 11, grupu la WhatsApp limekua la kuagana, kila mtu "samahani sana bosi nina pepa". Siwalaumu, mimi mwenyewe enzi zangu nilikacha harusi ya kaka yangu kwa pepa ya takwimu na bado nikapata sapu.

Nimeenda ofisi ya Rasi, mkuu wa chuo chetu, kuomba hela ya gari la matangazo na viti. Nimepata ya viti, gari hamna. Nimekaa kwenye ngazi nikawaza, nikaenda zangu kijiweni kwa wale bodaboda wa siku ya damu. Wamekubali kufunga vispika vidogo kwenye pikipiki mbili na kuzunguka mitaa jioni wakitangaza, gharama ni mafuta tu, na wanachotaka ni picha na mgeni rasmi. Imeandikwa kwenye bajeti kama "usafiri na uhamasishaji".

Jumanne 7 Julai, usiku

Nimechoka lakini naandika sasa hivi kabla sijasahau.

Siku ya Kiswahili tumeifanyia kwenye uwanja wa shule kama jaribio la tarehe 18. Nilikua na wasiwasi sana na mahudhurio, maana Sabasaba watu wengine wanaitumia kulala. Sa nane kamili tuko 19 na hapo nimehesabu mpaka fundi spika. Nane na nusu, 30. Mzee wa itifaki kanitazama, kuku watatu wanapita mbele ya meza kuu, akanitazama tena.

Alafu wakaja watoto wa ngonjera. Tuliomba darasa la tano na la sita waandae ngonjera mbili, watoto 36. Ambacho hatukukiwaza ni kwamba mtoto wa ngonjera haji peke yake. Anakuja na mama aliyemfulia shati, na bibi anayetaka kuona, na mdogo wake mgongoni, na jirani ambaye mwanae yumo ila yeye alisema haji. Ndani ya dakika kumi uwanja umejaa, viti vimeisha, watu wamekaa kwenye matofali na mizizi ya mwarobaini. Jamaa wa kuchaji simu naye alikuwepo! Kanipungia.

MC alikua na karatasi ya historia akaisoma fupi kama nilivyomuomba: tarehe 7 Julai 1954 ndo TANU ilizaliwa kutoka chama cha TAA, na UNESCO mwezi Novemba 2021 ilipopitisha siku ya Kiswahili duniani ilichagua tarehe hiyo hiyo, na ndo lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake. Hapo bibi mmoja mstari wa pili akasema kwa sauti kabisa, "Na Kihehe je?" Watu wakacheka, MC akababaika. Dokta ndo akasimama akasema bibi swali lako ni zuri, jina la huu mji lenyewe ni Kihehe, lilinga ni ngome, Wajerumani midomo ikashindwa ikawa Iringa. Bibi akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu nusu. Nimeliandika swali lake hapa maana sina jibu kamili, nimemuomba dada wa kamati aweke shairi moja la Kihehe tarehe 18.

Ligombo. Mzee alipokaa watu wakasogea wenyewe bila kuambiwa, viti vinaburuzwa, watoto mbele kabisa magoti yao yanagusa kibuyu. Kimya kile kwenye uwanja wenye watu wengi hivyo na soko liko karibu, sijawahi kukisikia. Fundi spika alizima mitambo yake yote ili ule mlio wa chini usisikike, bila kuombwa.

Salamu za viongozi tulizipa dakika 10 jumla, zikaenda 35. "Itifaki imezingatiwa" imesemwa mara nne na kila aliyesema akaanza kuizingatia upya. Tarehe 18 lazima tutafute dawa.

Hesabu: daftari limejazwa na watu 188, wa mtaani 131, na watoto hatukuwaandika. Nimehesabu mara mbili.

Jumamosi 11 Julai

Wiki nzima ni mhadhara. Dokta kanionyesha slaidi zake, ziko 46. Nikamwambia Dokta saa nane mchana nje kwenye jua projekta haionyeshi kitu, tutaangalia kitambaa cheupe. Akasikitika kidogo. Tumekubaliana picha sita tu zichapwe kubwa zitundikwe kwenye kamba, na yeye aongee amesimama bila karatasi. Amejaribu mbele yangu na mlinzi wa jengo. Bila slaidi yule mtu ni hatari.

Anaanzia Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe wamejificha wanangoja, kikosi cha Wajerumani chini ya kamanda Zelewski kinakuja kwa mstari mrefu na mizigo, na vita inaisha haraka kuliko muda wa kuisimulia, Zelewski mwenyewe amekufa. Anaenda Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilivyoangushwa na mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894, alafu miaka karibu minne Mkwawa yuko porini hashikiki, Wajerumani wameweka rupia 5,000 kwa kichwa chake. Anamaliza Mlambalasi, Julai 1898, askari wamekaribia, Mkwawa anajipiga risasi mwenyewe. Kichwa kikakatwa kikaondoka.

Mlinzi akauliza kikaenda wapi. Hapo ndo nilijua tumepata mhadhara.

Maana baada ya hapo inakua hadithi ya makaratasi, na ya ajabu zaidi kuliko vita. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita kuu ya kwanza, wakubwa wa dunia wamekaa wanagawana nchi, ibara ya 246 inasema Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Ibara hiyo hiyo inadai na Kurani ya Khalifa Othman. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Twining, Mwingereza aliyeitawala Tanganyika, ndo akaja kwenda makumbusho ya Bremen huko Ujerumani kwenye mafuvu chungu nzima, akachagua moja kwa vipimo, kulinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, likarudi Kalenga 1954 akakabidhiwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadae akawa Spika wa Bunge letu. Mwaka ule ule wa TANU, Dokta anapenda kukazia hapo.

Sa ishu iko kwenye vile vipimo. Dokta anataka kusema wazi kwamba wapo wanahistoria wanaouliza kama fuvu lililorudi ndo lenyewe. Mzee wa itifaki akaja juu, safari hii sikumcheka. Alisema huwezi kwenda kwenye uwanja wa watu ukawaambia kaburi la babu yao lina mgeni. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikasema basi twendeni tukaulize wenyewe, tusiwaamulie.

Tumeenda Kalenga mchana huu mimi na Dokta, kama kilomita 15 tu kutoka mjini, daladala imejaa magunia. Kamwene, kamwene, tumesalimiana Kihehe, tumekaa kwenye benchi na wazee wawili. Dokta kazunguka weee, mara utafiti, mara mitazamo mbalimbali, mpaka mzee mmoja akamkata. "Mwanangu, unataka kuuliza kama ni lenyewe. Hilo swali tumelisikia kabla hujazaliwa." Dokta akasema ndio baba. Mzee akanyamaza kidogo anachora chini na fimbo. Akasema lisemeni, ila mlisemee mwisho sio mwanzo, na atakayelisema asicheke. Mwenzie akaongeza: "Na mseme nani alilikata."

Kwenye daladala ya kurudi Dokta hakuongea mpaka tunaingia mjini. Kapanga upya mazungumzo yake yote, sa hivi vipimo vinakuja mwisho.

Alhamisi 16 Julai

Imebaki siku moja na nusu, naandika haraka haraka.

Kibali cha uwanja tunacho, mwalimu mkuu katuomba tu tufagie tukimaliza. Watoto wa ngonjera wanarudi, safari hii wameongezeka mpaka darasa la nne, wamejifunza na ubeti mmoja wa Kihehe, wanaukosea wote kwa namna moja kwaiyo unasikika uko sawa. Yule bibi wa swali kaalikwa kwa jina na mwenyekiti wa mtaa, kapewa kiti cha mbele. Dawa ya salamu ni hii, kila kiongozi atapewa mtoto wa kumkabidhi maiki na mtoto ataendelea kusimama pale pale mkono ameunyoosha mpaka arudishiwe. Wazo la dada wa kamati, tena. Huyu mwakani ndo aombewe maji kwenye kikao.

Bodaboda wamezunguka jana Kihesa, Mtwivila mpaka Mlandege, spika inasema "Mazungumzo ya Mkwawa, Jumamosi saa nane, hakuna kiingilio, hakuna fulana". Hiyo ya fulana wameiongeza wenyewe. Mama wa genge kaniambia saa nane ni saa yake ya biashara, hawezi kufunga. Nimemwambia asifunge, aje na beseni lake la maandazi akae pembeni auze, baridi ile watu watataka kitu cha moto. Akauliza ushuru? Nikasema hamna ushuru mama, nilikwambia mimi sio wa ushuru.

Safari ya Kalenga Jumapili wamejiandikisha 43, daladala mbili, ya pili dereva bado anabishana na mimi bei ya kutusubiri.

Viti. Tumekodi 150, na ukiangalia hesabu ya tarehe 7 havitoshi hata kidogo na hela imeisha. Jioni hii nimeenda kanisa la jirani kuomba mabenchi. Padre hana shida, mabenchi 20 chukueni, kasema, ila misa ya kwanza Jumapili ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kabla ya hapo nataka kila benchi liwe mahali pake limefutwa vumbi. Nimesaini mimi. Wanafunzi 11 waliobaki, tisa wana pepa Jumatatu. Nimempigia yule jamaa wa kuchaji simu, anasema ana mkokoteni.